Karabina Inayojifunga Yenyewe

Wiki iliyopita nilikutana na Bupe kwenye sherehe ya kipaimara ya binamu yake kule Kinyala. Baada ya pilau na soda tukazikimbia kelele za spika, tukashika njia ya kwenda kwenye Ukuta. Hatukupanga, miguu ilikwenda yenyewe. Ukuta ni mwamba mweusi wa volkano uliochomoza kati ya migomba na mashamba ya chai, mrefu kuliko kanisa, na sisi ndio tulioupa jina hilo tulipokuwa kidato cha tatu. Tulipofika, pale chini nilipokuwa nikisimama mwaka ule wote na kamba mikononi, tulimkuta ng'ombe. Kamba aliyofungiwa ilikuwa yetu, ile ya rangi ya machungwa, imefifia na kujaa matope. Na pale shingoni, kamba ilipoungana na kitanzi, ilikuwepo karabina ya buluu, kile kipete cha chuma chenye mlango wanachofungia kamba wapanda miamba. Bupe alicheka mpaka akashika magoti. "Tuse, ona! Klabu imepata mwanachama mpya! Tena huyu hachelewi mazoezi!" Mimi sikucheka. Nina miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha sita, nasubiri chuo, na nilidhani hasira za mwaka ule zilishaniisha kama zinavyoisha chunusi. Kumbe zilikuwa zimejificha tu.

Mwaka ule Mwalimu Lema aliletwa shuleni kwetu Tukuyu kutoka Kilimanjaro kufundisha fizikia. Kwenye begi lake alikuja na kamba, mikanda ya kiunoni, kofia ngumu na vyuma alivyopewa na kaka yake anayepandisha watalii mlimani. Vyote vilikaa kwenye stoo ya maabara, chumba chembamba chenye dirisha lisilofunguka, kinachonuka mafuta ya taa na vyura waliohifadhiwa kwenye machupa. Wanafunzi walipanga foleni kujiunga na klabu yake ya kupanda miamba. Wote walitaka kupanda, na hakuna aliyetaka kushika kamba. Mshika kamba ni yule anayebaki chini. Kamba inatoka kiunoni kwa anayepanda, inakwenda juu, inapita kwenye vyuma vilivyofungwa kwenye mti mnene kule kileleni, halafu inarudi chini kwako. Kwako inapita kwenye kifaa chenye matundu mawili tulichokiita pua ya nguruwe, kwa sababu ndivyo kinavyofanana, na hicho kifaa kinashikwa kwenye mkanda wako na karabina moja. Moja tu. Mwenzako akiteleza, unaibana kamba, naye anabaki ananing'inia badala ya kuja chini. Mwalimu alipouliza nani atashika, kila mtu aliinama kutazama viatu vyake. Mimi nilikuwa nimeshavitazama vyangu tangu kipindi kianze, kwa hiyo sijui kwa nini alidhani nimekubali. Lakini niseme ukweli, kazi ile niliipenda. Ukiwa chini hakuna anayekutazama, wote wameinua shingo wanamtazama aliye juu. Kwa mtu kama mimi, ambaye hata kujibu "present" darasani kulinichemsha masikio, pale palikuwa mahali pazuri kuliko pote shuleni. Na Bupe aliyekuwa juu, rafiki yangu tangu kidato cha kwanza, alikuwa ananisikia kwa kamba bila mimi kufungua mdomo. Akisita, nilijua. Akitaka nafasi, nilimpa. Kulikuwa na maneno mawili tu ya lazima. Yeye anauliza, "Umenishika?" na mimi najibu, "Nimekushika." Hakuna kupanda kabla ya hayo.

Siku moja mchana Mwalimu alipanga karabina tatu juu ya meza ya maabara, akasema, "Leo mtachagua ya mshika kamba. Chagueni kwa akili, siyo kwa macho." Ya kwanza ilikuwa ya kijani, nyembamba, Bupe aliinunua kwa machinga pale mjini akidhani amesaidia klabu. Mwalimu aliigeuza tukaona maandishi madogo kwamba si ya kupandia. "Hii fungia funguo zako, dada," alimwambia, na watu wakamzomea Bupe naye akawajibu kwa ulimi nje. Ya pili ilikuwa ya kijivu, imekwaruzwa kila mahali, umbo lake kama parachichi, pana upande mmoja na nyembamba upande mwingine. Ule upana ndio unaoiacha kamba na pua ya nguruwe vicheze bila kubanana. Mlango wake una kikombe cha nyuzi kama za bolti, unakikaza kwa vidole mpaka mwisho halafu unakilegeza kidogo sana ili kisije kikang'ang'ania. Ya tatu ilikuwa ya buluu, inang'aa, umbo lile lile la parachichi, ila kikombe chake kina springi ndani. Unakisokota, unafungua, na ukiachia kinarudi chenyewe, klik! Mwalimu alituonyesha namba zilizogongwa kwenye uti wa kila moja: nguvu yake mlango ukiwa umefungwa, na nguvu yake mlango ukiwa wazi, ambayo ilikuwa kama theluthi tu ya ile ya kwanza. "Chuma ni kile kile," alisema. "Kinachokuokoa ni mlango." Kisha akasema maneno ambayo nadhani ni mimi peke yangu niliyeyasikia hadi mwisho: "Hizi mbili zote ni salama, zikiwa safi."

Mimi niliitaka ya kijivu. Sikuwa na mapenzi ya chuma chakavu, nilikuwa na sababu. Kwanza, kule Kinyala hakuna siku kavu. Ni mvua, au ukungu, au umande wa asubuhi, na huo mwamba unatoa unga mweusi unaoingia hadi kwenye meno. Springi iliyojificha ndani ya kikombe huwezi kuiosha wala kuiona. Pili, ile ya kukaza inakulazimisha uiguse kila mara. Vidole vyako vinajua kwamba imefungwa kwa sababu ni vyenyewe vilivyofunga. Lakini Mwalimu hakuwa mtu wa kuamua. Hadi leo sielewi kwa nini mtu mzima anayejua jambo anawaachia watoto wapige kura. Aliunda kamati ya vifaa, ikapata mwenyekiti, makamu na katibu, na mwenyekiti akawa Ipyana, mvulana mwenye maneno mengi ambaye mama yake anauza mawese ya Kyela pale sokoni. Mimi niliyekuwa naishika hiyo karabina sikuwekwa kwenye kamati. Ipyana alisimama mbele ya ubao, akaibofya ile ya buluu, klik, klik, kama mtu anayeuza. "Ndugu wajumbe, mshika kamba wetu ni nani? Ni Bubu." Hilo ndilo jina alilonipa, na lilinikaa. "Bubu akisahau kufunga, nani atajua? Hata kupiga kelele hawezi! Kwa mtu kama yule tunahitaji kitu kinachojifunga chenyewe." Darasa likacheka. Bupe pia alicheka, kidogo, akanitazama kwa pembeni. Nilikuwa sijawahi kusahau. Nilikuwa mtu pekee katika klabu nzima ambaye hakuwahi kusahau chochote, na sasa chuma kilikuwa kinachaguliwa ili kurekebisha kosa nisilokuwa nalo.

Kikao kilikuwa na ajenda, kama vikao vyote vya nchi hii, na ya mwisho ilikuwa mengineyo. Nikajiambia, hapo ndipo nitasema. Niliyapanga maneno kichwani kama mtu anayepanga vyombo. Ilipofika mengineyo, nilinyoosha mkono. Watu waligeuka, nadhani ilikuwa mara yao ya kwanza kuona kwapa langu. "Haya, Tusekile," alisema Mwalimu, na uso wake ukafurahi kweli. Nikasimama. Nikasema, "Mimi naona ile springi..." na hapo hapo mvua ya Tukuyu ikamwagika juu ya bati. Waliokulia huku wanajua. Mvua ile haiji kwa matone, inashuka kama lori la kokoto. Niliendelea kusema. Nilisema yote: unga wa mwamba, umande, vidole. Nililihisi koo langu likifanya kazi na sikusikia hata neno langu mwenyewe. "Sauti!" walipaza walioko nyuma. Mwalimu aliweka kiganja sikioni. Nikarudia, kwa nguvu zangu zote, ambazo si nyingi. Ipyana akaruka juu ya kiti akapiga kelele kuishinda mvua, "Amesema anaunga mkono hoja!" Wakapiga makofi. Tukafunga kwa sala.

Kwa miezi kadhaa ile ya buluu ilifanya kazi yake, lazima nikiri, ingawa kila wiki kikombe chake kilikuwa kizito zaidi kurudi, kwa ule unga niliousema. Ipyana alikuja na dawa. Alichukua mawese ya mama yake, akayapasha kwenye jiko la maabara mpaka yakawa kama chai, akayadondoshea ndani ya kikombe cha karabina. Klik! Ikawa nyepesi kuliko siku ya kwanza. "Fundi ni fundi," alisema, akiinusa kama mandazi. Kila mtu aliijaribu, pale stooni penye joto la jiko, na ikajifunga kila mara. Mimi nilihisi kuna kitu hakijakaa sawa, lakini sikuweza kukitaja. Nilikuja kukitaja jikoni kwa Shangazi, pale Bagamoyo ya kwetu, mtaa wa Tukuyu mjini, nilikokuwa naishi ili niwe karibu na shule. Ilikuwa Juni, ile baridi ya kuvaa sweta mbili na bado unaomba moto. Shangazi alikuwa anapika mbalaga, ndizi za kupondwa kwa karanga, na jirani yake Mama Neema alikuwa amekaa kwenye kigoda akilalamika kuhusu mawese aliyonunua. "Yule mama anachanganya, jirani. Tazama chupa yangu, yameganda kama mshumaa!" Shangazi hakuinua hata macho. "Hajachanganya kitu. Kyela kwenye joto hayagandi, huku yanaganda. Mafuta hayana kosa, kosa ni la aliyeyapandisha mlimani. We Tuse, sogeza na chupa yetu karibu na jiko." Nikaisogeza. Nikabaki nimeishika, nikitazama yale mafuta mazito ya rangi ya machungwa yakikataa kushuka upande nilioinamisha. Hakuna nyumba Tukuyu isiyojua hili. Mtoto wa darasa la kwanza anajua. Na Ipyana, aliyelelewa kwa pesa ya mawese, alijua kuliko wote. Lakini alilijua jikoni. Hakulibeba kwenda nalo kwenye mwamba.

Kesho yake nilimfuata sokoni, kwenye meza ya mama yake. Kumfuata tu kulinigharimu usingizi. "Ipyana, yale mawese yataganda kule Kinyala asubuhi. Kikombe hakitarudi." Nilisema vizuri, sentensi nzima. Alitazama pembeni kuona kama kuna mtu anasikia, halafu akatabasamu. "Bubu! Kumbe unaongea! Sasa sikia, ile kitu si wali wala samaki. Ni springi. Springi ina nguvu kuliko baridi."

"Basi tuchukue na ya kijivu. Ya akiba."

"Kamati ilishaamua. Tukibeba mbili, Madam ataona hatujiamini." Mama yake akaniuliza nataka mawese ya kiasi gani. Nikamshukuru nikaondoka. Mwalimu Lema siku hizo alikuwa hakamatiki, yuko ofisini kwa mkuu kila saa akipanga ziara, maana Jumamosi ile Madam mwenyewe, mkuu wa shule, alikuwa anakuja kututazama pamoja na wazazi. Alishasema wazi: akiridhika, klabu itaendelea; asiporidhika, vyuma virudi Moshi. Bupe alikuwa ndiye wa kupanda. Wiki nzima hakula vizuri kwa furaha.

Jumamosi ukungu ulikuwa umelala juu ya chai kama blanketi lililoloweka. Wazazi walisimama na miavuli, mama yake Bupe amevaa kitenge kipya. Nilivaa mkanda, nikapitisha kamba kwenye pua ya nguruwe, nikaifungia karabina. Nikasokota, nikaachia. Haikulia. Kikombe kilitambaa hadi nusu kikasimama. Nilikisukuma kwa dole gumba, kikagoma. Nikaugusa mlango kwa kidole kidogo, ukafunguka kama mlango wa choo cha shule. Ndani, pale kwenye ufa, palikuwa na ute mzito wa machungwa umechanganyika na unga mweusi. Bupe tayari alikuwa ameweka mikono kwenye mwamba. "Umenishika?" aliuliza kwa sauti kubwa, ya wageni. "Tuse! Umenishika?" Nilikuwa na neno moja tu la kusema na halikuwa kweli, basi sikulisema. Ipyana alinisogelea akinong'ona kwa meno, "Bubu, sema nimekushika, watu wanatazama!" Mwalimu akaja. Nilimwonyesha tu, sauti ilikuwa imekwenda zake. Aliitazama, akaikumbatia kwa viganja vyote viwili, akaipulizia pumzi kama anayepasha mikono, akaisokota. Klik! "Si inafunga?" alisema. Wazazi wakacheka kwa nafuu. Mama mmoja akasema, "Kumbe ilikuwa baridi tu, maskini." Baridi tu! Mwalimu alikuwa ameshageuka kuwaelezea wageni jambo fulani kuhusu msuguano. Mimi nikabaki na kile chuma, na kwenye vidole vyangu kilipoa upesi kama kimetoka mtoni. Nilikifungua tena. Kikombe kikarudi kivivu, kikasimama kabla ya kufika. Nikachomoa kamba kutoka kwenye pua ya nguruwe, nikakaa chini kwenye majani yaliyolowa.

Kelele nilizozisikia baada ya hapo sitaki kuziandika zote. Mwalimu, namshukuru kwa hili moja, alisema kwa utulivu, "Mshika kamba akikataa, hakuna kupanda. Ndiyo sheria yetu." Lakini hakusema niko sahihi. Hakuiangalia tena ile karabina. Madam alifunga mwavuli wake uliokuwa bado unadondosha maji. "Mchezo gani huu, watoto wanasusiana na vyuma mbele ya wazazi?" Bupe alikuja akasimama mbele yangu. "Mama yangu amekuja, Tuse. Amevaa kitenge kipya. Umeniaibisha kwa uoga wako." Ningeweza kuinuka nikamwonyesha ule ute, nikamweleza kuhusu jikoni kwa Shangazi, na theluthi, na mlango. Nikalia tu, jambo ambalo kwa wote lilithibitisha uoga. Klabu ikafungwa. Begi likarudi stoo badala ya Moshi, na baadaye Mwalimu alipohamishiwa Lindi vitu vikagawiwa hovyo. Ile ya kijivu alinipa mimi siku anaondoka, bila maelezo, akanipiga bega. Bupe alihama dawati. Alirudi polepole, baada ya miezi, siku moja akiniomba rula kana kwamba hakuna kilichotokea, na tangu hapo hatukuwahi kulizungumzia. Lakini kila nilipopita korido mtu aliuliza, "Bubu, umenishika?" na wengine wakadondoka kwa kucheka. Kilichoniuma zaidi ya kejeli ni hiki: sikuwa na ushahidi. Kama ningejibu nimekushika na Bupe akaanguka, kila mtu angejua karabina ilikuwa mbovu. Kwa kuwa hakuanguka, ilibaki kwamba mimi ndiye mbovu. Ajali isiyotokea haina shahidi. Nimeshawaza nyakati za usiku, na ninaona aibu kuliandika, kwamba laiti angeteleza kidogo tu, hata futi moja.

Basi wiki iliyopita tulikuwa bado tunamtazama yule ng'ombe, Bupe akimpiga picha kwa simu, mzee mwenye shamba alipotokea kwenye migomba na panga lake la kukatia majani. Tulipiga magoti kidogo tukamwamkia kwa Kinyakyusa. "Mwaghonile, babu." Akaitikia, lakini uso wake haukuwa na bashasha. "Ninyi ndio wale watoto wa kamba?" Bupe akasema ndiyo, akitabasamu, akidhani atashukuriwa. "Yule kijana wenu wa mawese alinipa hiki kichuma. Akaniambia, babu, kipake mafuta haya, kitajifunga chenyewe. Napaka! Kila mwezi napaka. Kiangazi kinashika vizuri. Baridi ikiingia, ng'ombe anajikuna kwenye mgomba, kichuma kinafunguka, anakwenda kula mahindi ya jirani. Mwaka juzi hivyo. Mwaka jana hivyo. Mwezi huu mara mbili! Nimegombana na watu kwa ajili ya kichuma chenu."

Bupe aliishusha simu. Alimsogelea ng'ombe, akaishika karabina shingoni, akaisokota, akaachia. Ilikuwa karibu jioni na ukungu ulishaanza kushuka. Kikombe kilitambaa nusu kikasimama. Akaugusa mlango kwa kidole kidogo. Ukafunguka. Akaufunga, akaugusa tena, akainua macho kwenye Ukuta, taratibu, kutoka pale alipokuwa ameweka mikono siku ile hadi kule juu kwenye mti.

"Mlijua kina ugonjwa huu?" mzee aliuliza. "Basi mbona hamkusema?"

Bupe alinigeukia.

"Nilisema," nilimjibu mzee, huku namtazama Bupe. "Nilisema, babu. Mvua ilikuwa inanyesha." Ilitoka kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, mpaka ng'ombe akaacha kutafuna akainua kichwa.